Wavu Uliobonyea: Jinsi ya Kutunza Chuma cha Kromu Kinachofanya Kazi Motoni

Jumapili hii, kabla hujawasha makaa, chukua rula ya chuma iliyonyooka uilaze juu ya wavu wako wa kuchomea nyama, ukingo mmoja hadi wa pili. Inama uchungulie. Kama wavu una miaka miwili mitatu na umefanya kazi kweli, utaona mwanga ukipenya kati ya rula na nondo za katikati. Zimebonyea. Hakuna mtu aliyezikalia, wala hujawahi kuweka mzigo wa kuzipinda. Mbavu za mbuzi za kilo tatu haziwezi kupinda nondo ya milimita 8 iliyo baridi, hata ukiziacha juu yake mwaka mzima. Kazi hiyo imefanywa na joto pamoja na muda. Jioni baada ya jioni, kwa kiasi ambacho jicho halikioni, chuma kimekuwa kikilegea kama mshumaa ulioachwa juani.

Wahandisi wanaita jambo hili kripu. Mimi nitaliita kutambaa kwa chuma, maana ndivyo kinavyokwenda: hukioni kikitembea, unakuta tu kimeshafika.

Ninawaandikia watu watatu. Wa kwanza ni mwenye nyumba wa Loresho mwenye jiko la nyama bustanini na meko sebuleni, yale ambayo baridi ya Julai ikiingia huwashwa kila jioni. Wa pili ni fundi wake, ambaye mara nyingi yuko ng'ambo ya Waiyaki Way, Kangemi. Wa tatu ni kijana aliyemaliza masomo, pengine hapo jirani kwenye chuo cha ufundi cha Kabete kilichoanza 1924, akaajiriwa kutunza boila ya kiwanda. Chuma cha hawa watatu kinaugua ugonjwa mmoja. Kwenye wavu hasara yake ni nyama kuungua katikati na kubaki mbichi pembeni. Kwenye bomba la mvuke hasara yake ni uhai wa mtu.

Anza kwa kuhakikisha kwamba unachokiona ni kutambaa kweli, kwa sababu nyavu nyingi zilizopinda zimepinda kwa sababu nyingine kabisa. Chuma kikipata moto hurefuka. Nondo ya stenlesi ya kawaida yenye urefu wa nusu mita, ikipanda joto kwa nyuzi 600, hurefuka kwa milimita 5 hivi. Kama fundi ameichomelea pande zote mbili kwenye fremu iliyo baridi zaidi, haina pa kwenda. Italazimika kujikunja juu, chini au ubavuni. Kupinda kwa namna hiyo hutokea jioni ya kwanza au ya pili, na kila nondo huelekea upande wake. Kutambaa hakuna haraka. Huelekea chini tu, mwezi baada ya mwezi, na nondo za katikati palipo na makaa mengi hutangulia nyingine. Ukiona nondo zimetawanyika kama meno mabovu, usilaumu chuma. Mwambie fundi aachilie ncha moja ya kila nondo iteleze ndani ya tundu.

Sasa tuingie ndani ya chuma chenyewe, kwa sababu bila hapo ushauri wote unaofuata utakuwa amri tupu.

Ukitaka kusogeza mkeka mkubwa uliolala sakafuni, huuburuti wote kwa mkupuo. Unainua mkunjo upande mmoja, unausukuma hadi upande wa pili, na mkeka umesogea kidole kimoja. Chuma hubadilika umbo kwa njia hiyo hiyo. Ndani ya fuwele zake safu za atomu zina mikunjo, na mkunjo ukisafiri kutoka upande huu hadi ule, fuwele nzima imesogea hatua moja. Kwenye baridi mikunjo hiyo hukwama upesi. Chuma kikifika nyuzi 430 hivi, atomu zinakuwa na nguvu ya kuhamahama, na mikunjo iliyokwama hupata njia ya kupanda na kuzunguka vizuizi. Hapo ndipo kutambaa kunapoanza kuwa na maana.

Dawa ni kupigilia misumari kwenye mkeka. Katika vyuma vya kromu vya mitambo ya mvuke, misumari hiyo ni punje ndogo ajabu zinazojitenga ndani ya chuma wakati kinapopikwa kiwandani. Ziko za aina mbili kubwa. Kabidi za kromu, zenye upana wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, hujipanga kwenye mipaka ya fuwele. Nitridi za vanadi na niobi ni ndogo kuliko hizo mara kadhaa, na zimetapakaa katikati. Chuma maarufu cha aina hii kinaitwa Gredi 91. Kina kromu asilimia 9, molibdeni asilimia 1, na vanadi, niobi na nitrojeni kwa kiasi cha kuonja tu. Kilitengenezwa miaka ya 1970 katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Marekani, na kuanza kuidhinishwa kwa mabomba ya boila mapema miaka ya 1980. Kwa nyuzi 600 kinaweza kuvumilia mkazo wa megapaskali 90 hivi kwa saa 100,000 kabla ya kukatika. Kwa joto hilo, vyuma vingi vya kromu vya kizazi kilichotangulia havifiki hata nusu ya hapo.

Shida ni kwamba punje hazitulii. Agiza supu ya mifupa kwenye kibanda chochote cha nyama, uitazame ikiwa imetulia kwenye bakuli. Mwanzoni uso wake una macho mengi madogo ya mafuta. Ukirudi baada ya muda, macho ni machache, makubwa, na kati yake kuna nafasi pana isiyo na kitu. Mafuta ni yale yale, hayakuongezeka wala kupungua. Ndani ya chuma cha moto punje ndogo huyeyuka atomu moja moja, na atomu hizo husafiri zikaenda kuilisha punje kubwa iliyo jirani. Mwaka 1961 Lifshitz na Slyozov kule Umoja wa Kisovieti, na Wagner kule Ujerumani, walipata hesabu yake: ujazo wa punje ya wastani huongezeka sambamba na muda. Maana yake, muda ukiwa mara nane, upana wa punje unakuwa maradufu tu. Ni mwendo wa polepole, lakini haurudi nyuma. Misumari elfu moja inakuwa mia, na mikunjo ya mkeka inaanza kupita katikati.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lilichukua miaka mingi kufahamika, na ninaliona kuwa funzo kubwa kuliko yote katika taaluma hii. Watengenezaji walifikiri kuongeza kromu hadi asilimia 11 au 12 kungeleta chuma kisichoshika magamba na chenye nguvu zaidi. Majaribio ya saa elfu chache yalikuwa mazuri. Lakini baada ya makumi ya maelfu ya saa, kwa nyuzi 600 hadi 650, kulizuka ndani ya vyuma hivyo punje nene za aina nyingine, zinazoitwa awamu Z. Hizo zilizila nitridi ndogo zote zilizokuwa zikishikilia chuma, na nguvu yake ikaporomoka. Kromu nyingi ndiyo iliyoharakisha jambo hilo. Kwa hiyo mtu akikuuzia chuma cha moto kwa kukuhesabia asilimia za kromu peke yake, muulize swali la pili: kimejaribiwa kwa muda gani?

Turudi bustanini. Wavu wako hauna misumari ya vanadi, na hakuna haja ya kuununulia. Unachohitaji ni kujua umetengenezwa kwa chuma gani. Nenda Kangemi au Gikomba ukiwa na sumaku mfukoni.

“Mzee, hii ni stenlesi halisi, haitakuangusha,” fundi atakuambia huku akiisugua kwa kitambaa ing'ae.

“Nakuamini, fundi, lakini tuipitishie sumaku.”

Sumaku ikinasa, kwa kawaida una moja kati ya mambo mawili: chuma cha kawaida kilichong'arishwa, au stenlesi ya kromu isiyo na nikeli, ambayo katika maduka huitwa 430 na ina kromu asilimia 16 hadi 18. Kutofautisha hizo mbili, omba fundi aguse ncha kwa mashine ya kusaga. Chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu nyingi, stenlesi hutoa cheche fupi na chache. Au chukua kipande ulichokata, kilaze usiku mzima kwenye maji ya chumvi. Asubuhi kutu itakuwa imekujibu. Sumaku isiponasa, huenda ni 304 yenye kromu 18 na nikeli 8, lakini pia huenda ni stenlesi ya bei nafuu ambayo nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi. Hapo sumaku wala cheche hazikusaidii sana. Kifaa cha mkononi cha eksirei kinachosoma kemia ya chuma kwa sekunde chache ndicho kinachoamua, na kama unanunua vyuma vya kutengeneza tanuru zima, kodi mtu aliye nacho.

Kwa wavu unaofika wekundu, chagua 304 kuliko 430. Zote mbili hazishiki kutu upesi, lakini atomu za 304 zimepangwa kwa msongamano unaofanya kuhama kuwe kugumu, na kwa nyuzi 700 hiyo hustahimili kutambaa mara kadhaa zaidi. Aina ya 310, yenye kromu 25 na nikeli 20, ni bora kuliko zote hizo na bei yake inajieleza. Usitumie kamwe rafu za friji kuukuu wala chuma kilichopakwa zinki. Mng'aro wa rafu ni ngozi nyembamba tu ya kromu, pengine na kadimi, na zinki ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa.

Kama tayari una wavu wa 430, kuna tabia yake moja uijue. Chuma chenye kromu nyingi kikikaa muda mrefu karibu na nyuzi 475, kromu hujikusanya katika vijisehemu vidogo mno, na chuma kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama biskuti. Ukingo wa wavu, ambao hauwi mwekundu lakini ni wa moto saa zote, ndio unaokaa kwenye joto hilo hilo. Miezi inapita, unauangusha wavu sakafuni asubuhi ya baridi, na nondo inakatika kwa mlio mkavu. Sio kuoza. Ugonjwa huu unatibika: pasha sehemu hiyo hadi wekundu hafifu, zaidi ya nyuzi 600, kwa muda mfupi, kisha uipoze upesi. Vijisehemu vile huyeyuka na chuma hurudi kuwa na ustahimilivu.

Lakini hata chuma bora kitabonyea kikipangwa vibaya, na hapa ndipo fedha yako ndogo inapofanya kazi kubwa. Nondo inayojibeba yenyewe ikipunguzwa urefu kwa nusu, mkazo ndani yake unakuwa robo. Na kasi ya kutambaa haiishii kwenye robo. Huporomoka zaidi, kwa sababu kwa vyuma vingi hufuata mkazo uliozidishwa kwa nafsi yake mara nne au tano. Robo ikizidishwa hivyo mara nne unapata chini ya sehemu moja ya mia mbili. Kwa hiyo kipande kimoja cha chuma kinachopita katikati chini ya wavu, kikiegemea matofali pande zote, kitakupa maisha marefu kuliko kuhama kutoka 430 hadi 304. Tena kila mwezi geuza wavu, upande wa juu uwe chini. Kilichobonyea mwezi huu kitanyooshwa na mwezi ujao. Nimefanya hivyo kwenye meko ya sebuleni kwangu kwa misimu kadhaa ya baridi, na rula bado inalala.

Kuna moto usiofaa kuachiwa chuma: kwa tanuru la kuchomea taka za zahanati, joto la chumba cha pili hupangwa kupita nyuzi 1,000. Huko weka matofali ya moto. Chuma kibaki nje kushika matofali.

Sasa, kijana wa boila.

Kenya ina bahati ambayo pia ni upungufu. Sehemu kubwa ya umeme wetu inatoka Olkaria, na mvuke wa ardhini huko uko chini sana ya nyuzi 400, kwa hiyo kutambaa hakuwasumbui. Mradi wa makaa ya mawe wa Lamu, wa megawati 1,050, ulifutiwa leseni ya mazingira Juni 2019. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, ambacho kilianza kazi 1963 na ambacho tanuru za aina yake hutumia mabomba ya kromu asilimia 5 au 9, kiliacha kusafisha mafuta 2013. Matokeo yake, mafundi waliowahi kushika bomba lililotambaa ni wachache, na mabomba yanayoweza kutambaa bado yapo: kwenye boila za viwanda vya sukari zinazozalisha umeme kwa makapi ya miwa, ambapo mvuke hupashwa tena baada ya kuchemka, na kwenye tanuru za viwanda mbalimbali.

Boila ya kiwanda cha chai au dobi ya hospitali, yenye mvuke wa baa 10, ina joto la nyuzi 180 na ushei tu. Haitambai, mradi maji yapo ndani na hayajaacha ukoko. Ukoko ukiganda ndani ya bomba, au maji yakishuka chini ya alama, chuma hakipozwi tena, na bomba lililostahili kuwa na nyuzi 200 linaweza kufika 500 huku mkaguzi wa nje akiona kila kitu shwari. Safisha maji. Kagua alama ya maji kila zamu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka boila ichunguzwe na mkaguzi aliyeidhinishwa kila miezi 12. Mkaribishe kwa moyo mmoja, na umwonyeshe hata kile ambacho hakuuliza.

Kwenye mabomba ya moto zaidi, weka daftari la joto, na uliandike kana kwamba ni akaunti ya benki, kwa sababu ndivyo lilivyo. Mwaka 1952 Larson na Miller walichapisha hesabu rahisi: chukua joto kwa kelvini, zidisha kwa jumla ya 20 na logi ya saa. Jibu likiwa lile lile, chuma kimetumia umri ule ule. Tuseme bomba limepangwa kuishi saa 100,000 kwa nyuzi 540. Hizo ni kelvini 813, mara 25 (yaani 20 na 5, logi ya 100,000), sawa na 20,325. Sasa mpishi wa boila akazoea kuliendesha kwa nyuzi 560, kelvini 833. Gawanya 20,325 kwa 833 unapata 24.4. Toa 20, baki 4.4, ambayo ni saa 25,000 hivi. Miaka 11 na nusu imekuwa chini ya mitatu, kwa nyuzi 20 ambazo hakuna aliyezihisi mkononi. Kwa nyuzi 10 tu, umri unakatwa nusu. Kwa aina fulani ya chuma namba ile 20 hubadilika, lakini uzito wa funzo haubadiliki. Kagua themokapo zako zote, yaani vipimajoto vya mabomba, kabla ya kukagua kitu kingine chochote. Kipimajoto kinachosoma pungufu kwa nyuzi 15 kinakula boila yako usiku na mchana.

Kisha pima umbo. Chagua sehemu tatu nne za bomba, zile zilizo karibu na moto, uzitie alama isiyofutika, na kila boila inapozimwa pima kipenyo kwa kalipa ile ile, ikiwa baridi. Bomba linalovimba linatambaa. Pima pia ugumu wa chuma: Gredi 91 iliyo sawa huwa kati ya 190 na 250 kwa kipimo cha Brinell, na ikishuka chini ya hapo, ama punje zimekua au haikupikwa vizuri tangu mwanzo. Wataalamu wanaweza kung'arisha doa dogo la uso wa bomba, kulichonga kwa asidi, na kuchukua nakala yake kwenye utando wa plastiki ili kuhesabu matundu madogo kwenye mipaka ya fuwele chini ya hadubini. Matundu yakianza kushikana mistari, agiza bomba jipya siku hiyo hiyo.

Angalia kwa jicho kali zaidi kando ya maungio ya kuchomelea. Karibu na kila ungio kuna ukanda mwembamba ambao ulipata joto la kutosha kuvuruga punje lakini lisilotosha kuzipanga upya, na nyufa za uzeeni huanzia hapo. Gredi 91 hupashwa hadi nyuzi 200 hivi kabla ya kuchomelewa, na ungio likikamilika hupikwa tena kwa nyuzi 760 hivi, kwa saa zinazotegemea unene, chini ya vipimajoto. Anayekuambia ataliruka zoezi hilo kwa kuwa bomba ni jembamba, mshukuru umruhusu aende.

Na bomba lisipokaa sawa kwenye tundu lake, mtu atakuja na mwali wa gesi kulipasha mpaka liwe jekundu alipinde kwa mkono. Funga mtungi. Kwenye kipande kile atakachokigusa, kazi yote ya Oak Ridge itafutika kwa dakika tano, na kwa nje bomba litaonekana kamili kabisa.